Nafasi ya Ng'ombe wa Gatuanyaga

Mwaka ule nilikuwa na hasira na kila kitu. Kijiko kikianguka, niliona kimenikusudia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama si mbaya, halafu nikapata mtoto kabla sijapata kitu kingine chochote. Baba yake alikuwa kijana wa kiwanda kule Eneo la Viwanda, Thika. Aliulizwa mbele ya wazazi wake na mama yangu, akasema, "Si yangu." Maneno mawili. Mimi nimekaa palepale na tumbo limefika mezani. Tangu siku hiyo mtu akinisalimia nilikuwa namkagua kwanza nione na yeye anataka kukana nini.

Kwa hivyo nikisema kwamba ile miezi ya laptopu naikumbuka kwa shukrani, naomba msomaji aniamini polepole.

Kazi niliipata Ruiru, kwa daktari wa mifugo. Alikuwa amestaafu serikalini, akahamia Membley kwa watu wa mishahara, akaona kukaa nyumbani kunamletea magonjwa. Ndipo akakodi chumba juu ya duka la dawa za mifugo, akaanzisha rejista ya ng'ombe wa maziwa. Alikuwa mtu wa sauti. Hata akikuambia habari za asubuhi, mwenye duka chini alisikia.

"Unajua kompyuta?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Nimefanya kozi Thika."

"Na huyo?" Alinyoosha kidole kwa mtoto mgongoni mwangu.

"Huyo hajafanya."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akasema kuna watu watatu kabla yangu, wote wamekuja na vyeti na hakuna aliyekuja na mtoto, na ng'ombe ni kazi ya uzazi, basi nianze Jumatatu. Sikujua kama ni matusi. Nilikubali huku nimenuna.

Wazo lake lilikuwa rahisi. Wakulima wetu wadogo walikuwa wakipeleka ng'ombe kwa dume la jirani, dume lilelile miaka nenda rudi, mpaka ndama anazaliwa baba yake ndiye babu yake. Ndama hao wanatoka dhaifu. Wengine hawasimami kabisa. Daktari alitaka kila ng'ombe ajulikane mama yake ni nani, baba yake nani, na amepandishwa kwa mbegu ya dume gani. Ng'ombe aliyeandikishwa alifuatwa zizini na mpandishaji mwenye pikipiki, na mbegu safi kwenye mtungi wa baridi. Yule ambaye hakuandikishwa, pikipiki ilimpita ikimrushia vumbi.

Yote yalikaa kwenye laptopu moja nzito kama tofali, iliyokuwa imeshatumika ng'ambo kabla ya kufika kwetu. Maandishi hayakuwa shida. Shida ilikuwa picha.

Friesian hutambulika kwa mabaka yake. Hakuna wawili wenye mabaka sawa, kama alama za vidole vya watu. Kwa hivyo mpandishaji alibeba karatasi zilizochapwa umbo la ng'ombe mtupu, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia na uso, akasimama zizini na kupaka kwa penseli pale palipo peusi. Penseli, kwa sababu wapandishaji walikuwa wanachanganya kushoto na kulia, na daktari alichoka kuona karatasi zimekatwakatwa kwa mistari. Karatasi zikija Ruiru mimi nazipitisha kwenye skana, picha inaingia kwenye laptopu, inakaa pamoja na ukoo wa ng'ombe.

Na picha zilihitajika kweli, si urembo. Kwetu ng'ombe hatulii na jina. Leo yuko kwa baba, anaitwa jina la nyanya. Kesho anapelekwa mahari, anafika kwa wakwe, anapewa jina la bibi harusi. Wale wakwe wanamwandikisha kama ng'ombe mpya asiye na wazazi. Nilikuwa nimeshapata wa namna hiyo wengi, ng'ombe mmoja ameandikwa mara mbili, na huku kwa wakwe karibu apandishwe kwa mbegu ya baba yake mwenyewe. Kilichomshtaki kila mara kilikuwa mabaka. Jina lilibadilika, ubavu haukubadilika.

Basi siku moja nikabonyeza kuhifadhi, laptopu ikakataa. Diski imejaa.

"Futa vitu," daktari akasema.

"Vitu gani?"

"Vile hatuhitaji."

Nikafuta mchezo wa karata. Aligundua baada ya chakula cha mchana.

"Haiya! Hata karata?"

"Karata zinakamuliwa?"

Siku nzima alikuwa akiguna. Karata zenyewe hazikuwa zimechukua nafasi ya maana, nilijua. Nilizifuta kwa roho mbaya tu.

Nikaingia kwa ng'ombe waliokufa na waliouzwa kwa wachinjaji. Nikafuta mmoja mmoja, nikatazama nafasi ya diski. Ni ileile. Nikafuta zaidi. Ileile. Nilifungua kile kitabu kinene kilichokuja na programu, mtoto akivuta kurasa kutoka upande wa pili, mpaka nikaelewa: kwa programu ile, kufuta si kufuta. Ukifuta ng'ombe, mashine inamwekea alama tu kwamba huyu msimwonyeshe, lakini mwenyewe amelala palepale na miguu yake yote. Ili atoke kweli, lazima mashine inakili faili zima upya bila wafu, kando ya lile la zamani, ndipo itupe la zamani. Yaani ili upate nafasi, kwanza uwe na nafasi.

Nilikuwa nakaa chumba kimoja Thika na mtoto, kitanda, jiko na karai. Nilijua hasa maana yake. Ukitaka kupanga chumba kama hicho inabidi kwanza utoe kitanda nje, na ukiwa huna nje, unapanga kwa macho tu. Niligonga meza, mtoto akalia.

Nilipata nje ya kuwekea kitanda. Programu ilikuwa na mafaili ya faharasa, yale yanayoisaidia kutafuta haraka, na yale unaweza kuyatupa ukayajenga tena. Nikayatupa. Nikahamisha barua zote za daktari kwenye disketi. Pale palipopatikana, mashine ikajibanabana, ikanakili, wafu wakatoka. Daktari alikuja kuangalia, akasema, "Umefanya kama mtu anayefagia akiwa amesimama juu ya ufagio." Nilimuuliza kama hiyo ni pongezi. Akasema ndiyo.

Lakini ilikuwa pongezi ya siku chache. Picha ndizo zilijaza diski, na picha zilikuwa palepale. Nafasi iliyobaki ilitosha mashamba machache ya kumalizia Ruiru, na Gatuanyaga nzima ilikuwa haijaingia. Waliokuwa wakituletea mbegu walitaka rejista mwisho wa mwezi, wapange njia za pikipiki za mwaka mzima. Asiyekuwemo angengoja mwaka mwingine, kama huo mwaka mwingine ungekuja.

Daktari aliegemea dirisha. "Gatuanyaga tutaiacha," akasema, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Ni kukavu huko. Ng'ombe ni wa kuhesabika. Tutawaingiza baadaye."

"Mama yangu yuko Gatuanyaga."

"Ningejua ningelisema kwa upole."

"Usiliseme kwa upole. Usiliseme kabisa."

Mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja. Alimnunua ndama huku Ruiru, akamlea kwa majani ya kubeba kichwani kutoka mbali, kwa maana kwetu nyasi za napia hazioti bila kubembelezwa. Maziwa ya huyo ng'ombe ndiyo yalinipeleka sekondari. Na yeye, mama, ndiye aliyenipokea na tumbo langu bila kuuliza swali hata moja, akanitandikia tu. Sasa ng'ombe wake alikuwa amezaa mara mbili kwa dume la jirani na mara zote mbili ndama hakusimama. Mama alikaa na kila ndama zizini akimsugua miguu kwa nyasi mpaka alipopoa. Hakuwa na nguvu ya kungoja mwaka mwingine, na ng'ombe pia hakuwa kijana. Hilo ndilo lilikuwa jambo. Mengine yote niliyofanya kwenye ile laptopu yalikuwa ya kumtafutia ng'ombe mmoja mahali pa kukaa.

Nilimwambia daktari hivyohivyo, kwa sauti ambayo mtu hamwambii mwajiri. Hakunifukuza. Alipiga simu Nairobi kwa kijana aliyetuuzia programu. Kijana akajibu kwamba tufute picha zote, tutaona nafasi. Nilichukua mkono wa simu kutoka kwa daktari nikamuuliza yeye akikutana na ng'ombe aliyebadilisha jina atamjuaje. Akasema, "Madam, hiyo si shida ya programu." Nikakata. Daktari alisema simu ilikuwa yake, angependa wakati mwingine aikate mwenyewe.

Siku iliyofuata alinikuta nimekuza picha ya ng'ombe mmoja kwenye skrini mpaka nukta zinaonekana, nikiitazama tu kwa chuki. Akainama begani kwangu.

"Hii kijivu yote ni ya nini?"

"Ndivyo skana inavyoleta. Kila nukta inaandika ni kijivu cha namna gani."

"Kijivu!" Sauti ikarudi. "Nimefanya kazi ya ng'ombe tangu mama yako akiwa msichana, sijaona Friesian wa kijivu. Friesian ni mweusi na mweupe. Rangi mbili, kwisha!"

Tulitazamana. Nadhani tuliliona kwa pamoja, na mpaka leo sijui nimgawie nani sifa zaidi. Kama nukta ina mambo mawili tu ya kusema, nyeusi au nyeupe, haihitaji nafasi kubwa ya kulisema. Nikachukua ile picha, nikaigeuza iwe ya rangi mbili, nikaihifadhi, nikatazama ukubwa wake. Ilikuwa imenywea kama blanketi lililokamuliwa. Ng'ombe alikuwa bado ng'ombe, mabaka yake yote mahali pake.

"Ngai!" daktari akasema. "Bonyeza zote. Anza na za Ruiru."

"Hakuna nafasi ya kuweka za zamani na mpya. Mpya zitakaa juu ya za zamani."

"Zikae. Bonyeza."

Nikabonyeza. Mashine ikaanza kusaga, tukaenda chini kunywa chai kwa mwenye duka, daktari akamsimulia yeye na wateja wake, kana kwamba ng'ombe wenyewe wamezaa mapacha. Mtoto alipewa mandazi. Nilicheka siku hiyo. Nakumbuka kwa sababu shavu liliuma.

Tuliporudi, ng'ombe wa Ruiru walikuwa weupe.

Wote. Nilifungua mmoja, mweupe. Wa pili, mweupe. Mstari wa mgongo upo, pembe zipo, kiwele kipo, na ndani hakuna kitu. Ile picha ya majaribio ilikuwa imechorwa na daktari mwenyewe, na yeye hubonyeza penseli kama anachimba mtaro. Wapandishaji wengine walipaka kwa wepesi, juu ya goti, ng'ombe akitingishika. Penseli yao ilikuwa kijivu kidogo tu, na mashine ilipolazimishwa kuchagua kati ya nyeusi na nyeupe, ikachagua nyeupe.

Daktari alisimama nyuma yangu. Nilihesabu pumzi zake nikingoja. Nilijua kinachokuja, nilikuwa nimeshakisikia mara moja maishani, nilijua hata urefu wake. Nilikuwa nimeshapanga jibu na nimeshamtazama mtoto nione viatu vyake viko wapi, tuondoke.

Akasema, "Mimi ndiye niliyesema bonyeza. Hii ni yangu."

Nilimkasirikia kabisa, kwa jinsi neno hilo lilivyonikuta sijajiandaa. Nikamwambia, "Basi usikae hapo, tafuta karatasi," nikaenda kusimama kwenye ngazi mpaka macho yakakauka. Niliporudi, mzee wa watu alikuwa stoo amepiga magoti na suti yake, anatoa magunia. Karatasi zilikuwepo. Hakuwahi kutupa hata moja.

Ilibidi mabaka yapakwe upya kwa wino mweusi, juu ya ile penseli, kisha nipitishe zote kwenye skana tena. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja bila aibu. Daktari alinunua chupa za wino na kalamu nene, akajipa nusu, akanipa nusu. Nikabeba gunia langu hadi Thika.

Nilikuwa nimepanga chumba Majengo, katika ua wa bibi mmoja Mwislamu. Watu wa ule mtaa walikuwa mchanganyiko, babu zao walikuja na reli na biashara kutoka kila pembe, na wajukuu wakawa watu wa Thika tu. Bibi aliuza viungo barazani, lakini kilichomjulisha mji mzima kilikuwa mkono wake. Alipamba maharusi. Hina, piko nyeusi, maua ya kupanda kutoka ukucha hadi kiwiko, mstari mwembamba kama nywele na hautetemeki. Aliponipangisha aliuliza jambo moja tu, kama mtoto analia usiku. Nikasema ndiyo. Akasema, "Vizuri, ua umekuwa kimya mno."

Jumamosi nilitandaza karatasi uani nikaanza. Kazi yangu ilikuwa mbaya mno. Kalamu nene ilivuja, wino ukatoka nje ya mstari, ng'ombe wa tatu akawa na baka mpaka hewani. Nikakunja ngumi. Bibi alikuwa anachagua mchele, akaniangalia kwa muda.

"Mjukuu wangu, unapaka ng'ombe au unatia barabara lami?"

"Bibi, niache."

"Nimekuacha. Ni ng'ombe ninayemhurumia."

Nikamwambia yote, kwa ukali, kama yeye ndiye aliyeijaza ile diski. Nikamwambia diski, kijivu, pikipiki, ng'ombe wa mama na ndama wawili waliokataa kusimama. Sidhani alielewa laptopu. Hilo la ndama alilielewa. Alisogeza sinia la mchele, akaingia ndani, akatoka na vile vijiti vyake vya kupambia na miwani iliyofungwa uzi.

"Lete huo wino. Piko siwezi kumpa ng'ombe, hiyo ni ya watu. Mtoto mpe huyu wa jirani. Nionyeshe wapi peusi."

Alichovya kijiti, akazunguka kwanza ukingo wa baka, polepole, kisha akajaza ndani. Hakutoka nje ya mstari hata mara moja. Penseli ilipofifia aliinua karatasi kwenye jua, akaipata, akaifuata. Wanawake wa ua wakaanza kukusanyika.

"Bibi, leo bibi harusi ni nani?"

"Huyu hapa. Ana miguu minne na mahari yake ni yeye mwenyewe."

"Na bwana harusi?"

"Anakuja na pikipiki."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilicheka na mimi, halafu nikaona nimecheka mbele ya watu, nikainama kwenye karatasi yangu. Jumapili nilipotoka kanisani nilimkuta ameshaanza. Na siku za kazi, nilipokuwa Ruiru, aliendelea barazani kati ya wateja, pilipili manga huku, ng'ombe huku. Mimi nilichobaki nacho kilikuwa kuonyesha, kukausha na kubeba.

Daktari aliletewa bunda la kwanza akalishika kwa ncha za vidole, jinsi watu wanavyoshika picha ya harusi. "Nani amefanya hivi?" Nilipomwambia, aliacha kupaka nusu yake, akaniongezea gunia. Lakini alikuwa mkaguzi, na karatasi moja aliisogeza karibu na dirisha.

"Msichana. Huyu ng'ombe ana ua kwenye paja?"

Nikaangalia. Alikuwa nalo. Ua dogo, petali tano, na jani linapanda kuelekea mkiani.

Jioni nilimuuliza Bibi. Alivaa miwani, akatazama, wala hakushtuka. "Mkono umezoea," akasema. "Paja zima tupu, roho ilikataa." Akaliziba ua lile kwa chokaa ya maji na ncha ya kijiti. Daktari baadaye alisema ni ng'ombe pekee aliyemsikitikia, kunyang'anywa ua lake.

Skana ilikuwa polepole, stima ilikatika kila ilipojisikia, na mtoto alianza kutembea wiki hiyohiyo, kana kwamba alikuwa akingoja sakafu ijae karatasi. Lakini picha ziliingia nyeusi na nyeupe, safi, ndogo. Kila siku nafasi ya diski ilikuwa inaongezeka badala ya kupungua. Ng'ombe wa Ruiru wakarudishiwa mabaka yao. Wa Thika wakafuata. Hata faharasa niliijenga upya, na barua za daktari zikarudi nyumbani kutoka kwenye disketi. Karata sikurudisha.

Kisha mpandishaji akatumwa Gatuanyaga. Alikaa huko siku kadhaa, akarudi amekuwa rangi ya barabara. Ng'ombe wengine wa huko walikuwa kahawia tupu, hao waliingia kwa neno moja bila picha. Wenye mabaka walichorwa. Mama yangu, aliniambia, alimwogesha ng'ombe kabla hajaguswa na penseli, kisha akasimama mbele ya zizi kuhakikisha kushoto ni kushoto.

Bibi alimpaka huyo ng'ombe wa mama akiwa mgonjwa wa kifua. Nilimwambia angoje apone. Alinijibu, "Mwezi unaningoja mimi?" Baka moja lilikuwa kubwa, limefunika kiuno chote mpaka tumboni, alilijaza kwa vipindi, akikohoa kando ili mkono usitikisike. Nilikaa karibu naye nikimshikia chupa ya wino.

Siku ya mwisho nilimwingiza. Ukoo wake, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, uso. Nikabonyeza kuhifadhi. Laptopu ilisaga kidogo, kisha ikakubali bila neno. Daktari alikuwa amesimama dirishani amenipa mgongo, na aliposikia sijatukana, alijua.

"Ameingia?"

"Ameingia."

"Na nafasi imebaki?"

"Imebaki. Hata wewe unaweza kuingia."

Pikipiki ilifika kwa mama msimu huohuo. Mimba ilishika. Sitaeleza ile miezi ya kungoja. Aliyewahi kungoja mtu azae anaijua, na kwa ng'ombe ni mirefu vilevile. Nilikuwa Ruiru nikiandika ng'ombe wa watu siku taarifa ilipokuja kwa mdomo wa mpandishaji: jike, na mama anasema atakuja mwenyewe.

Alikuja Thika akiwa na kitambaa chake cha kanisani na mtungi wa maziwa aliokumbatia njia nzima. Hakunitafuta mimi kwanza. Aliuliza aliyepaka ng'ombe yuko wapi. Bibi alikuwa barazani na mizani yake.

"Ni wewe?" mama akauliza.

"Nilipaka wengi. Wako ni yupi?"

"Mwenye kiuno cheusi."

"Yule! Namjua. Kiuno chake kilinimaliza wino na kifua." Bibi alisogea, akampigia mama mkono kwenye mkeka akae. "Enhe, na mtoto?"

Mama alikaa. Alikuwa amejiandaa maneno, niliona, alikuwa ameyapanga tangu Gatuanyaga, kwa Kiswahili, ambacho hakikumjia kirahisi. Alisema neno moja tu.

"Alisimama."

Bibi alimshika kiganja, nao wakakaa hivyo, wateja wakingoja. Mimi nilikuwa na mtoto kiunoni na nilikuwa naangalia wanawake wawili ambao mmoja alinitandikia bila kuuliza, na mwingine alinipakia ng'ombe bila kuombwa, na nilijua kwamba huko Ruiru kuna mzee wa sauti aliyepiga magoti stoo kwa suti. Nilikuwa nimezoea kuwahesabu walionikataa. Hao watatu nilikuwa nao siku zote na sikuwa nimewaweka mahali popote.

Maziwa yalichemshwa, yakanywewa uani na kila aliyekuwepo, mtoto akapewa ukoko wa sufuria. Bibi mwenyewe aliuosha ule mtungi, akaukausha kwa kanga, na kwa kuwa kwao chombo cha mtu hakirudi kitupu, akaujaza kaimati za moto, zilizolowa sukari, mpaka mdomoni, akafunga kwa karatasi.

Mama alipinga, aca, aca, hapana, ni nyingi, watoto nyumbani hawajazoea sukari. Bibi hakusikia, au hakutaka. Mama akaupokea kwa mikono miwili, akaunusa, akanigeukia na kushusha sauti.

"Hizi hazifiki Gatuanyaga," akasema. "Usimwambie Bibi."